Bati la Damari

Damari hakuwa mtu wa kusahau. Wanaomjua pale kijijini, mwendo mfupi kutoka Kintinku, watakwambia bado anamkumbuka kila aliyekula wali wa harusi yake bila kuleta hata ukuni mmoja, na harusi yenyewe ina miaka thelathini. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Laurian aliamua kumchokoza.

Kwa miaka tisa Damari, mjane, ndiye aliyetunza kipimamvua cha kijiji. Kilikuwa chombo cha bati kilichosimikwa uani kwake, mbali na miti. Kila siku saa tatu asubuhi aliyamimina maji yaliyokusanyika kwenye bilauri yenye alama, akaandika milimita kwenye daftari, kisha akazituma wilayani kwa simu. Wilayani nao walimtumia utabiri. Ila hakuusoma kabla ya kutazama juu. Yale mawingu membamba ya juu kabisa hayakumbabaisha. Yale madogo meupe ya mchana aliyaita watalii, maana hupita tu yakitazama. Lililomtoa jikoni ni wingu lenye tumbo jeusi lililonyooka na kichwa kinachozidi kupanda, hasa likitokea upande wa Bahi na upepo ukageuka ghafla kuwa wa baridi. Akisema leo msianike, watu hawakuanika.

Mwaka jana, Januari, mvua ikakata siku ishirini na nne. Mtama ukasinyaa. Kwenye mkutano wa kijiji akasimama Laurian, mwenye shamba la alizeti kubwa kuliko yote, na mdomo mkubwa kuliko shamba lake.

"Ndugu zangu, tangu bati lile lisimikwe, mvua inatukimbia. Kila tone huyu mama analikusanya, analiandika, analituma kwenye simu. Linakwenda wapi? Huyu anafunga mvua!"

Mvua nzuri ngapi zilikuwa zimenyesha ndani ya bati lile lile? Hakuna aliyetaka kukumbuka. Jioni ile walikuja wakaling'oa, na Laurian akaenda nalo kwake, akalifanya chombo cha kunyweshea kuku. Kwaya ya kanisani alikoimba Damari wakamwambia apumzike kidogo. Kisimani wanawake walinyamaza akifika.

Hakulia mbele ya mtu. Alitafuta kopo la mafuta ya kupikia lenye pande zilizonyooka, akalitoa kifuniko, akalificha nyuma ya banda la mbuzi, akawa anapima kwa rula. Lakini kila alipopita kwa Laurian na kuona kuku wanakunywa kwenye bati lake, moyo ulimchemka. "Atakuja," alijiambia. "Atakuja mwenyewe, mbele za watu, aniombe. Na atapiga magoti."

Mwezi wa tano alizeti zikawa tayari. Laurian alitandaza maturubai uwanja mzima, akaanika vichwa vya alizeti vingoje kupigwa. Asubuhi ya siku hiyo ujumbe wa wilayani ulisema huenda mchana kukawa na mvua ya radi. Saa sita Damari akaliona wingu upande wa Bahi, tumbo jeusi, kichwa kinapanda. Upepo ukageuka.

Mara akafika Eliana, mke wa Laurian, anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Baba Lucy amenituma. Anauliza, lile wingu litapita, au tuanue?"

Neno moja tu lilitosha: anueni. Eliana hakuwa na kosa lolote, na Damari alilijua hilo. Lakini majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye ua wakisikiliza, na yote yakamjia kwa pamoja: kwaya, kisima, kuku.

"Kamwambie mumeo, ile mvua niliyoifunga, leo nimeifungua."

Maneno yale yalimkaa mdomoni matamu kama asali. Laurian alipoletewa, kiburi kikampanda, akakataza mtu yeyote kugusa turubai. Saa nane ikanyesha, tena mvua ya mawe. Maji yalizoa nusu ya alizeti mpaka korongoni, na zilizobaki ziliota ukungu. Damari alipima milimita thelathini na nane. Alicheka peke yake nyuma ya banda la mbuzi mpaka akakaa chini.

Furaha ile haikumaliza wiki. Kisimani sasa wanawake walimpisha atangulie, macho yao chini. Watoto waliitwa ndani akipita. Hakuna tena aliyemuuliza habari ya mawingu. Akawaonyesha simu: "Someni wenyewe, wilayani walisema tangu asubuhi." Wakajibu, "Ndiyo, mama," bila hata kuitazama.

Desemba mvua ikachelewa. Asubuhi moja, saa tatu, Laurian akaja. Alikuja mwenyewe, mbele za watu, kama Damari alivyotaka, na nusu ya kijiji nyuma yake. Mkono mmoja ameshika lile bati, limesuguliwa likang'aa. Mkono mwingine, kuku mweusi. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama," alisema, na walikuwa rika moja. "Nilikosea. Naomba mbele ya hawa wote, utufungulie."

Miezi kumi na moja Damari aliingoja siku hii. Sasa imefika, naye akamshika Laurian bega amwinue.

"Laurian, inuka. Mimi sifungi wala sifungui. Napima tu."

"Ulisema mwenyewe, mama."

"Tulisikia," wakasema wale majirani wawili.

Damari akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua kutoka Bahi mpaka milima ya Saranda, hata mtalii mmoja hayupo. Kwenye simu mkononi mwake ujumbe wa asubuhi ulikuwa bado wazi: siku kumi zijazo, hakuna mvua. Watu wote walikuwa wanamtazama usoni.

Laurian hakuinuka. "Ni leo, mama," akauliza, "au kesho?"