Kipande cha Emily Kilichotiwa Maji ya Chumvi

Saa mbili asubuhi, Mbeyu Kambi anazuia pumzi. Mbele yake mashine inakata kipande cha nyama kilichogandishwa ndani ya nta, na utando unaotoka ni mwembamba mara ishirini kuliko unywele. Akipiga chafya tu, kazi ya siku mbili inapeperuka.

Mbeyu, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mtaalamu katika maabara ndogo mtaani Kibarani, mjini Kilifi. Wagonjwa hawamjui. Naye hawajui wao, ila uvimbe wao.

"Seli huzaliwa changa, kisha hukomaa ikapata kazi yake," aeleza. "Kuna protini za kuiamrisha: wewe kuwa ya titi, wewe acha kuzaana. Amri zikivurugika, seli haikomai. Yazaana tu, haina kazi nyingine."

Kazi yake ni kutia rangi inayozifichua baadhi ya protini hizo. Zikionekana, daktari hujua kwamba saratani bado inasikiliza amri, na huenda vidonge vikaizuia. Zisipoonekana, hutafutwa tiba nyingine, mara nyingi kali zaidi.

Mwezi uliopita alifika Mangi, kibarua wa mashamba ya chumvi Marereni, amebeba chupa yenye kipande cha titi la mkewe, Emily. Kilikatwa katika kliniki moja ya huko, naye akakabidhiwa akilete. Mbeyu alipofungua kifuniko hakusikia harufu ya formalini, dawa inayozuia nyama isioze.

"Ile dawa yanuka, dada, na niliambiwa ni sumu," Mangi alimwambia. "Nikaimwaga, nikatia maji ya chumvi. Sisi kwetu chumvi ndiyo ihifadhiyo kila kitu."

Kilikaa humo siku tatu. Mbeyu alikitia rangi mara mbili, lakini seli zilikuwa zimesinyaa na kumomonyoka, na protini hazikusomeka.

"Nilitaka kumfokea," asema. "Kisha nikaona alivyoiviringisha ile chupa kwa leso ya mkewe, nikashindwa. Alinitia uchungu yule kaka."

Nami ninayeandika haya inanikera kumwona Mangi akibeba lawama peke yake. Alionywa kwamba dawa ile ni sumu, basi. Hakuna aliyejisumbua kumweleza kwa nini imo chupani.

Sasa Emily amekataa katakata kukatwa tena. Alimwagiza mumewe aseme kwamba mwili wake si wa kupunguzwa kila mwezi. Uvimbe nao unazidi kukua, na bila jibu la maabara daktari hawezi kumchagulia dawa.

Jumapili hii Mbeyu anapanga kwenda Marereni mwenyewe, akamwombe Emily akubali, kisha asubiri kwenye kliniki na akibebe kipande kipya kwa mikono yake. Hajui kama atafunguliwa mlango.

"Sitamwambia atapona, kwa kuwa sijui," asema. "Nitaanza kwa kumwomba radhi. Mumewe alilia mbele yangu akijiita muuaji, na sisi wahudumu wa afya ndio tuliokuwa na maneno ya kumwambia mapema, tukanyamaza."