Mikono Mgongoni

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuweka mikono mgongoni. Sitanii. Nilipopata nafasi katika shule ya watoto wadogo ya misheni, kando ya barabara ya kutoka Shinyanga kwenda machimbo ya almasi, nilikuwa na miaka kumi na saba na cheti cha darasa la nne, na nilidhani nitakabidhiwa chaki. Sista aliyekuwa akiiongoza shule alinikabidhi ufagio, ndoo na amri moja: mtoto akiwa kazini nisimame, nitazame, na mikono yangu ikae nyuma.

"Ukimsaidia jambo analoliweza," aliniambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula, "umemwibia."

Nikaitikia. Wakati ule ningeitikia chochote. Nilikuwa mtu wa ndoto mimi, kila nikifagia najiona na baiskeli yangu na mkoba wa ngozi, naingia darasani, watoto wanasimama wima kunipa shikamoo. Hata kutazama ni mwanzo, nikajiambia.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu cha bati, bila dawati hata moja. Mtoto akiingia anatandika mkeka wake, anakwenda kwenye rafu, anachagua kitu chake na kukifanya mpaka atosheke. Kulikuwa na vipande vya mbao vya kuchomeka kila kimoja kwenye tundu lake, ubao wenye kitambaa cha kufunga na kufungua vifungo, na herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa, ambazo mtoto alizifuata kwa kidole mpaka kidole kikazizoea. Akina mama walitucheka kisimani. "Haya, wanetu wamekuwa meza," walisema, "wanapigwa msasa."

Kilichowaudhi hasa ni kumimina. Mtoto alianza kwa kumimina maharage kutoka jagi hadi jagi, akaenda kwenye mchanga, akaishia kwenye maji. Na maji kwetu, mwezi wa kumi, ni kitu cha kuchimbwa mchangani mtoni na kubebwa kichwani. Kwa hiyo Sista aliyaweka mwisho kabisa. Migunga ilipoanza kutoa majani, maana ile miti huwa ya kijani kabla mvua haijashuka na sijui inakunywa wapi, ndipo alipolitoa kabatini jagi la kioo. Hapo kila mtoto alijua kuwa wakubwa wanakaribia kuvuka uwanja.

Kuvuka uwanja ni kwenda darasa la kwanza. Jengo lake lilikuwa ng'ambo ya kiwanja, hatua mia labda, lakini watoto walilisema kama mtu anayesema Dar es Salaam. Kabla ya kuvuka kulikuwa na siku yake. Wazazi waliitwa, na kila mtoto alimmiminia mzazi wake maji bilaurini, akampelekea, kisha akamsomea herufi za msasa. Hakuna mkubwa aliyeruhusiwa kugusa.

Wala wakubwa hatukuwafundisha sana. Mtoto aliyetangulia alimfundisha aliyefuata. Anayefundisha aliitwa mlezi, na mlezi alimwita mwenzake "mwanangu". Ungesikia mtu hana meno ya mbele anasema, "Mwanangu leo kaamka vibaya," ungecheka. Mimi nilicheka kila siku.

Mlezi mmoja nilimpenda kuliko wote, binti wa mpishi wa mapadri. Alikuwa na miaka saba, mapengo mawili, na mikono ameifunga mgongoni kama Sista mdogo. Baada ya mavuno alipewa mwana mpya, msichana aliyeletwa na shangazi yake. Mama yake alikuwa amefariki, baba alikuwa kibarua machimboni. Mtoto alikuja na Kisukuma kitupu na kimya kingi. Umri wake hakuna aliyeujua. Walipompima kwa kumpitisha mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, alilifikia bila shida, hivyo mwezi wa kwanza angeweza kuvuka pamoja na mlezi wake. Sikio aliligusa kwa mkono wa kushoto, na watoto wakaangua kicheko.

"Mwanangu ni mashoto," mlezi alinijulisha siku ya pili, kwa fahari, kama kwamba amemzaa hivyo makusudi.

"Basi mfundishe atumie wa kulia."

"Sista kasema mkono unajichagulia."

"Na akimpa mtu mzima maji kwa kushoto?"

Alinitazama kwa huruma. "Dada, kwani mtu mzima anakunywa mkono?"

Wakaendelea wenyewe. "Shika sikio la jagi. Siyo hivyo, unalinyonga. Lishike kama sikio la mbuzi unayempenda." Na yule mtoto, ulimi nje pembeni ya mdomo, akamimina maharage, akamimina mchanga, kwa kushoto, bila kuangusha punje. Herufi alizijua zote kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Jioni alikuwa akizichora vumbini akimngoja shangazi. Mimi nilikwisha kumwona mwalimu. Nilimvalisha gauni jeupe na viatu, nikampa na darasa la kufundisha.

Mwezi wa kumi baba yake alikuja na baiskeli. Sista alikuwa amekwenda mjini, nikampokea mimi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Wewe ndiye mwalimu?"

Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, lilikuwa tamu mdomoni.

Aliongea polepole, kofia mapajani. Kazi yake machimboni ilikuwa inakwisha, anarudi Kishapu kwenye pamba yake. Kule nyumbani mama yake mzazi hakuwa anaona tena, na alihitaji mtoto wa kumshika fimbo. Shangazi mtu alimsihi mtoto abaki asome. "Nitakuja siku hiyo yenu," alisema. "Nikiona anajua kitu ambacho bibi yake hawezi kumfundisha, abaki kwa shangazi yake, bibi nitamtafutia mwingine. Nisipoona, tunaondoka naye siku hiyohiyo. Baiskeli si hii hapa?"

Alipoondoka sikuona kitu kingine mbele yangu ila mkono wa kushoto. Mtoto anampelekea baba bilauri kwa kushoto, mbele ya watu, na baba anaikataa. Kwetu nilimwona kaka yangu akifungwa kitambaa mkono ule msimu mzima mpaka akauacha. Nilijua mzazi wa kawaida angefikiri nini: shule gani hii, mtoto amekosa adabu. Sista nilijua angesema nini pia, kwa hiyo sikumuuliza.

Kila siku, mlezi akishaondoka, nilimchukua mtoto nyuma ya jiko. Nilipiga magoti, nikamshikisha jagi la bati mkono wa kulia, nikaufunika mkono wake kwa wangu, tukamimina pamoja.

"Mlezi kasema huu mwingine," aliniambia siku ya kwanza.

"Mlezi ni mtoto mwenzako. Mimi mkubwa. Baba yako atafurahi."

Hakuuliza tena. Na tuliweza, tena vizuri, maji yalishuka kama uzi. Nilipouondoa mkono wangu jagi lilitetemeka, nikaurudisha upesi, nisimvunje moyo. Niliurudisha hivyo kila siku kwa wiki mbili. Mchana, mkekani, mlezi alimwachia kushoto, nyuma ya jiko mimi nilimpa kulia. Nikawa naona anasita kabla ya kushika chochote, hata kijiko cha uji. Nikasema atazoea.

Siku ilipofika mvua ya kwanza ilikuwa imepita alfajiri. Uwanja ulinukia udongo, wazazi wakaingia na matope miguuni, wakakaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Baba yake alikaa mwisho, kofia mapajani vilevile. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilisimama kando ya rafu, mikono mgongoni.

Mlezi alitangulia, akammiminia mpishi wa mapadri maji kwa mbwembwe, watu wakaguna kwa kupendezwa. Kisha ikawa zamu ya mwanawe.

Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ndogo. Mkono wa kushoto ukalishika jagi la kioo, ukaliinua sawasawa, bila kutetemeka. Ningetazama chini tu, mambo yote yangekwisha salama. Lakini aliinua macho kunitafuta, na mimi nikautoa mkono wangu wa kulia mgongoni, kidogo tu, nikautikisa.

Alijaribu kubadilisha mikono jagi likiwa hewani.

Maji yalifika mpaka viatu vya baba yake. Vioo vilienda mbali kuliko nilivyodhani vinaweza kwenda.

"Si mkono wake huo," mlezi alisema, akinitazama mimi. "Nani kamwambia atumie huo?"

"Si neno," baba alisema. "Maji tu. Mvua si imeanza?"

Watu walicheka kidogo, kwa wema. Sista naye hakutaharuki. Alileta sanduku la herufi, akapiga magoti mbele ya mtoto. Hapo nilipumua, maana herufi alizijua kama jina lake. Baba akasogea mbele ya benchi aone vizuri.

Mtoto aliitazama herufi ya kwanza. Akautazama mkono wake wa kulia, akautazama wa kushoto. Kisha akaipeleka yote miwili nyuma, akaikamata mgongoni, kama sisi wakubwa.

Hakuitoa. Sista alibadilisha herufi, akangoja. Mlezi alichuchumaa pembeni akamnong'oneza, "Mwanangu, hii si unaijua? Hii ya nyoka. Toa kidole kimoja tu." Hakukitoa. Wazazi wengine wakaanza kukohoa na kusogeza miguu. Alisimama pale, macho makavu, na mimi niliyeweza kumwambia neno moja likamfungua, sikujua tena ni neno gani.

Baba alisimama. "Sista, nashukuru. Mtoto hana kosa. Lakini bibi yake ananingoja."

Nilimfuata mpaka uwanjani. "Baba, anazijua zote. Naapa. Ni mimi nilimchanganya."

"Huenda," alisema, bila ukali. "Lakini sikuona."

Akaweka kifurushi cha mtoto kwenye keria, akakizungushia mpira wa tairi, akauvuta, akapiga fundo. Alivuta kwa kushoto. Alipiga fundo kwa kushoto, na kwa kushoto alimnyanyua binti yake akamkalisha mbele, kwenye chuma. Niliangalia mkono ule mpaka baiskeli ilipopita migunga. Katika siku zote zile sikuwa nimejisumbua kuutazama.

Mlezi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ulimgusa," alisema. Hakuniita dada.

Vioo aliviokota Sista mwenyewe, hakuniruhusu. Nilimweleza yote, jiko, jagi la bati, wiki mbili. Nilingoja anifukuze na nadhani nilitaka anifukuze. Aliuliza tu, "Kishapu ni mbali?" Nikasema si mbali kwa baiskeli. Tukatuma ujumbe kwa shangazi, mara mbili. Jibu lilirudi kwamba bibi amemzoea. Mwezi wa kwanza binti wa mpishi alivuka uwanja peke yake. Sista alikuwa amempa mwana mwingine wa kumalizia wiki zake, akakataa. "Nilikuwa na mmoja," alisema, akaenda kukaa na ubao wa vifungo, kazi ya watoto wa miaka mitatu, akafunga na kufungua mpaka kengele ikalia.

Mimi bado nipo pale. Baiskeli sina na mkoba sina, na ile ndoto ya mkoba siku hizi ikija naiacha ipite. Watoto wapya wanakuja, wanatandika mikeka, na mimi nasimama.

Mwaka jana, mvua zikikaribia tena, nilikwenda mnadani Kishapu na mama kununua mbegu. Niliwaona karibu na wauza vyungu: mwanamke mzee ameketi juu ya gunia, fimbo mapajani, na msichana mrefu kando yake na kibuyu cha maji. Alinitambua kabla yangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Nikamwamkia bibi, nikajitaja kuwa ni yule wa shule ya misheni. Bibi akafurahi, akageuza uso upande ambao sikuwapo.

"Wa kwa masista? Mpe mgeni maji," alimwambia mjukuu. "Ila wewe mgeni kaa mbali kidogo, mwanangu, utalowa. Huyu tangu atoke huko kwenu hajui kumimina. Nusu inakwenda chini."

Msichana alikuwa amekwisha kushika kikombe kwa mkono wa kushoto na kibuyu kwa wa kulia. Kilitetemeka.

"Tumia wa kushoto," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Ni sawa. Tumia wa kushoto."

Alinitazama kwa adabu, kama anayetazama mtu mzima aliyesahau jambo.

"Hapana, dada," alisema. "Ulinikataza."

Akamimina. Bibi alisikia maji yakigonga vumbi, akanyoosha kiganja chake chini ya kikombe, akakinga yale yaliyokuwa yakimwagika.