Kisiwa cha Pelikani

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu mwaka huu tulimzika Baba. Kesho yake mimi na dada yangu mkubwa, Rispa, tulishuka hadi Ziwa Elementaita, na harufu ya magadi ikanirudisha kwenye kiangazi kimoja, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa akichimba mawe meupe kilimani juu ya ziwa. Chini yetu vilikuwa visiwa vidogo vya mawe meusi, masalio ya volkeno, na juu yake pelikani walilea vifaranga. Ziwa lile halikuwa na samaki wa kuwashibisha. Kila asubuhi wazazi walingoja jua lipashe hewa moto, wakapanda wakizunguka, wakavuka kilima kwenda kuvua Ziwa Nakuru. Baba alitukataza jambo moja tu: ndege wakiwa na watoto, kisiwani hakuendwi.

Mwaka huo maji yalipungua, tope likaunganisha kisiwa kimoja na ufuo. "Ukiogopa, rudi ukamsaidie Mama kufua," Rispa aliniambia. Nikatangulia mimi. Tulipofika, pelikani waliobaki kulinda waliruka wote kwa pamoja, na kabla hatujageuka wakashuka korongo wenye upara, wale wale wa jalala la mjini. Walimeza vifaranga mbele ya macho yetu. Tulipiga kelele, tukarusha mawe, haikusaidia.

Nyumbani Baba aliuliza nani amevuka. "Si mimi," nikasema, magadi yamenikaukia meupe hadi magotini.

"Basi hiyo miguu umeazima kwa nani?"

Hakutuchapa. Alitushika mikono akaturudisha ufuoni. "Mtawangoja wazazi wao," akasema. Alasiri wakarudi na samaki tumboni. Mmoja alitua kwenye mawe matupu, akatembea huku na huku, akafungua mdomo, akaufunga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini miguu yetu ilikuwa mizima.

Siku hizi ziwa limejaa. Kisiwa chetu kimezama, vimebaki vichwa vichache vya mawe. Sikusoma sana, lakini ninachokijua kuhusu ndege wale nakijua kwa hakika, na aliyenifunza hayupo. Siku ile baada ya mazishi Rispa alivua viatu, akaingia maji ya kifundoni.

"Tusogee kidogo, tuone kama kuna watoto?"

"Hapa panatosha."

Akarudi, akaketi kando yangu. Alasiri pelikani wakatokea juu ya kilima, upande wa Nakuru, mstari mmoja mrefu, wakatua.