Karatasi ya Homa ya Kompyuta

Kazi yangu hapa Kasongo ni kupiga filamu za harusi na kuziunganisha kwenye kompyuta. Umeme wetu ni wa jua: paneli nne juu ya bati na betri mbili zilizochoka, zinazotumiwa na parsele nzima, yaani nyumba zote za uwanja wetu. Filamu lazima ikamilike mchana. Kwa mwendo wake wa kiwandani, kompyuta yangu ilitaka saa nane kuitoa filamu moja, na jua kali halinipi zaidi ya saba.

Ndiyo maana niliingia kwenye mipangilio ya ndani nikaipandishia prosesa kasi, kutoka gigahetsi 3.4 hadi 4.2. Ilienda vizuri dakika arobaini, kisha ikaganda. Nikaiwasha upya. Ikaganda tena.

Na filamu ile ilikuwa ikingojewa. Nyanya wa bi harusi anakaa Wamaza, na miguu yake haiwezi tena kupanda pikipiki. Hakuiona harusi ya mjukuu wake. Mjomba wa bi harusi, aliyekuwa akirudi huko Ijumaa, alikuwa ameahidi kumpelekea filamu kwenye simu yake.

Siku tatu nililaumu joto. Nilifuta vumbi jekundu kwenye feni, nikapaka upya dawa ya kupitisha joto, nikaongeza volti kidogo, nikapunguza kasi kidogo, yote asubuhi moja. Mashini iliendelea kuganda ilivyotaka.

Mke wangu ni muuguzi. Alirudi kutoka kazini akanikuta nimekaa chini, bisibisi mkononi, chakula kimepoa.

"Baba watoto," akasema, "mugonjwa hapewi dawa tatu mara moja. Akipona, utajua ni gani imemuponesha?"

"Hii si mugonjwa, ni mashini."

"Iko na homa, si ndiyo? Basi tuiandikie karatasi."

Akachora mistari kwenye karatasi, kama anavyowachorea wagonjwa wake: saa, joto, nilichobadilisha, kilichotokea. Akaniagiza nibadilishe kitu kimoja tu kila mara. Niliona aibu kidogo, maana huo ndio utaratibu niliowafundisha wengine, nami nilikuwa nimeuacha kwa haraka zangu.

Nilirudisha volti za mwanzo tu, kasi nikaiacha palepale nilipoishusha, kwenye 4.0, kisha nikaandika siku nzima. Jioni tuliisoma karatasi pamoja. Joto lilikuwa la kawaida kila ilipoganda. Mara nyingine lilikuwa chini kuliko la muuguzi mwenyewe akitoka jikoni, nikamtania. Hakucheka. Kidole chake kilikuwa kwenye safu ya saa.

"Asubuhi haikuganda hata mara moja," akasema. "Imeanza saa sita. Saa sita kunawashwa nini hapa?"

Nikajua mara moja. Dada yangu mkubwa, ambaye sisi tunamwita yaya, anauza maji baridi, na friji yake inawashwa adhuhuri kwenye betri zilezile. Mota yake ikianza kuvuta, umeme unalegea. Kompyuta ikienda mwendo wa kawaida inavumilia; ikikimbia, haina akiba.

Kumwambia mtu azime biashara yake kwa ajili ya filamu si jambo jepesi. Jumatano asubuhi nilienda kwake, nikazunguka kwanza kwa salamu, nikauliza habari za magoti yake, hadi akanikatiza.

"Sema unachotaka."

Nikamweleza, pamoja na habari za yule nyanya.

"Ungeniambia tangu siku ya kwanza," akasema yaya. "Maji ya kesho nitayagandisha leo, niyatie kwenye glasiere, lile sanduku langu la kutunza baridi. Friji itapumzika siku moja."

Alhamisi niliiwasha kompyuta saa mbili asubuhi, kwenye 4.0. Sikuigusa. Saa tisa alasiri kasoro dakika chache filamu ilikuwa imetoka nzima, na yaya akaja kuitazama akiwa amesimama mlangoni, akila karanga.

Wiki iliyofuata mjomba alipiga simu kutoka Wamaza. Nyanya alikuwa ameitazama mara mbili. Mara ya pili aliwaamuru wasimamishe picha pale wanawake wanapopika pilau, akauliza kwa nini hakuna aliyeifunika ile sufuria. Mjomba alitaka jibu la kumpelekea. Nilimwita yaya, maana siku ile mpishi mkuu alikuwa yeye, nikampa simu.