Mkono Ndani ya Boneti

Gereji nzima ilimwita Kioo, na jina hilo hakulipata kwa uzuri wa sura. Alikuwa fundi wa kung'arisha magari. Gari likitoka mikononi mwake ungeweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Adui yake alikuwa mmoja tu, mkwaruzo. Aliuona kabla ya mwenye gari, akauchukia kama mtu anavyomchukia mpangaji asiyetaka kuhama, na aliyethubutu kuegemea gari lake akiwa na funguo mfukoni alikuwa amejitakia matusi.

Sasa mtu kama huyo ukimkuta uzeeni, kakaa kibarazani kwake na bikari ya mwanafunzi, anakwaruza plastiki kwa makusudi, lazima udhani akili zimemruka. Wala hazikumruka. Alikuwa akiutafuta mkono wa mke wake.

Ilianza zamani, kabla mke hajawa mke. Alikuwa binti mwosha magari, mgeni kazini, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kusahau. Asubuhi moja alipewa gari jeusi, jipya, la mtu mzito. Akavaa glavu ya kitambaa ambayo muda mfupi kabla aliiangusha mchangani, akaisugua boneti kwa nguvu zake zote, huku na huku, akiimba. Jua lilipopanda kila mtu aliona. Ndani ya boneti, si juu yake, palikuwa na mkono. Vidole vimetanuka, vinang'aa, vimezama chini ya rangi kana kwamba viko ndani ya maji. Ukisogea kushoto, nao unasogea. Wanaume wazima waliinama wakaugusa, wakakuta bati tupu.

Mwenye gereji alifoka mpaka mate yakamruka. Angemtimua binti palepale, ila Kioo alisema, "Niachieni mimi." Alisugua kutwa, kidole baada ya kidole, na yule binti akasimama kando kamshikia kopo la polishi.

"Fundi," akamwambia, "ujue hapo unanifuta mimi."

Hapo Kioo kwisha habari yake. Walioana, na tangu siku ile mke hakumwita jina jingine. Fundi mbele ya wakwe, Fundi mbele ya watoto, Fundi hata wakigombana.

Sasa walikuwa wamezeeka, na kiharusi kilikuwa kimempiga mke upande wa kulia. Mguu ulirudi kidogo kidogo. Maneno yalirudi yote, na mengine ya ziada, kama Kioo alivyopenda kusema. Mkono haukurudi. Mke akaufunika kwa mtandio, akakataa usiguswe, usitazamwe, usitajwe. Mazoezi aliyoelekezwa na muuguzi aliyatupilia mbali. Kuoga alioga peke yake, mlango kaufunga kwa ndani. Ukimwuliza, "Mkono unaendeleaje?" anakuuliza, "Mkono gani?"

Kioo aliushika mkono ule ujana wake wote. Sasa alikuwa nao nyumba moja na hakuwa ameuona tangu hospitali. Ilimuuma kuliko alivyoonyesha. Hakuwa akitaka miujiza. Alitaka utoke tu chini ya kile kitambaa, ukae mezani kama mkono wa mtu yeyote.

Ndipo binti yao, aliyekuja Jumamosi kuwafulia, alipomwekea simu mbele ya macho. "Baba, hebu ona. Wanaita hologramu. Mtu anaitengeneza nyumbani, na bikari tu."

Kwenye video, ndani ya plastiki nyeusi, nyota ilikuwa ikielea. Iligeuzwa, na nyota ikasogea. Kioo macho yakamtoka.

"Hii naijua," akasema. "Hii ni ile ya boneti!"

"Boneti ipi tena, baba?"

Kioo alikuwa tayari anapekua sanduku la vifaa.

Kwa kuambiwa, kazi yenyewe ni rahisi. Unachora umbo kwenye karatasi kwa vitone vitone, unalilaza chini ya plastiki ngumu inayoonyesha kilicho chini yake. Ncha moja ya bikari inasimama juu ya kitone. Ya pili, ambayo badala ya penseli umeiwekea msumari mwembamba, inakwaruza nusu duara. Kila kitone na nusu duara yake, bila kubadili upana wa bikari. Ukimaliza unapaka rangi nyeusi kwa nyuma, unaweka juani. Kila mkwaruzo unatoa cheche moja ya nuru, na cheche zote pamoja zinajenga umbo linaloonekana limezama ndani.

Kwa kutenda, ni balaa. Mara ya kwanza alikandamiza sana akachimba mifereji ya kumwagilia bustani. Mara ya pili alilegeza mno, hakukuonekana kitu. Mara ya tatu aliipata pembetatu safi kabisa, akafurahi, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitambaa na polishi. Miaka yote ile, kazi ikiisha, inapigwa polishi. Alipozinduka plastiki ilikuwa inang'aa kama siku iliponunuliwa. Mke wake, aliyekuwa akichungulia dirishani akijitia haoni, alicheka mpaka akashikilia pazia.

"Fundi, mazoea yatakuua!"

Ulikuwa muda mrefu hajacheka hivyo. Kioo akapiga moyo konde, akachora mkono. Mkono wake mwenyewe, maana ndio uliokuwepo. Rangi ilipokauka akampelekea mke.

"Huu mkono au koleo?" mke akauliza.

"Ni wangu. Natafuta ule wako wa boneti."

"Ule haukuwa hivi. Ulikuwa mwembamba."

"Basi niazime."

Akamnyooshea wa kushoto. Kioo angeweza kuuchora kisha akaigeuza karatasi, asingejua mtu. Lakini ubishi wa ufundi ukamponza. "Ule ulikuwa wa kulia," akasema.

Mke akachukua fimbo yake akaingia ndani. Kioo alijilaumu hadi hamu ya bikari ikamwisha, akavirudisha vitu vyote sandukuni.

Siku kadhaa zikapita. Asubuhi moja alikuwa kibarazani hafanyi lolote, mke akaja, akavuta kiti, akaketi kumkabili. Kwa mkono wa kushoto aliuondoa mtandio. Akaunyanyua wa kulia kwa kifundo, kama anayeinua kitu cha mtu mwingine, akauweka mezani.

"Chora. Na usinitazame usoni."

Ulikuwa umekonda, vidole vimejikunja kwa ndani. Kioo alivinyoosha kimoja kimoja, akavilaza kwenye karatasi, akazungusha penseli. Alitaka kulia, akajizuia kwa kukohoa.

"Zamani ulikuwa unalalamika situlii nikipigwa picha," mke akasema, akitazama barabarani. "Haya, leo nimetulia." Kisha akaufunika.

Kazi ile aliifanya kwa pumzi za kuhesabu. Vitone alivibananisha, mikwaruzo akaigusisha tu, na polishi akamkabidhi jirani aifungie kwake. Siku ya kuonyesha alimkalisha mke kitini, akaiegemeza plastiki ukutani panapopigwa na jua.

Mwanzoni mke hakuona kitu. Akainamisha kichwa kidogo, na mkono ukatokea, mweupe, ndani kabisa ya weusi.

"Fundi."

"Naam."

"Unasogea."

"Wewe ndiye unayesogea."

Akaenda kushoto, nao ukaenda. Akarudi kulia, nao ukarudi. Akacheka, akaendelea kuyumba kitini mpaka machozi yakamshuka, na bado akayumba. Halafu akaacha kuyumba ghafla, akakaza macho.

"Lakini mbona una makucha hivi?"

"Nilichora nilichokiona," Kioo akasema kwa woga.

Mke akautazama ule wa ukutani, kisha akashusha macho mapajani. Mtandio ulikuwa umeanguka chini wakati akicheka.

"Maskini," akasema. "Kama kunguru. Aibu gani hii? Kalete mkasi."

Kioo alipekua makabati kama mwizi, akihofia asije akakuta mke kabadili mawazo. Aliporudi alikuta mkono uko mezani unamsubiri. Akauchukua, akauweka kwenye goti lake, akaanza na kidole cha mwisho. Mke alitazama kila ukucha ukianguka. Walipofika kidole gumba, mkasi ukagusa nyama kidogo.

"Taratibu, Fundi," mke akasema. "Hapo nasikia."