Kura Aliyoniachia Baba Mdogo

Kwa siku nne sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya swali moja: nikimwambia mama mdogo kwamba marehemu mumewe alimficha kura yake, nitakuwa nimemsaidia, au nitakuwa nimemzika yule mtu mara ya pili?

Kura yenyewe ilikuwa ya Kanada, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Kila asubuhi nilipokuwa nafungua duka la steshenari pale Mkuyuni, Mwanza, ninapochapa barua za watu huku nikingoja kazi niliyoisomea, nilijiambia kwamba hayo hayanihusu. Nikifika kwenye barua ya tatu, naanza kuliwaza upya.

Baba mdogo ni mdogo wake baba yangu. Aliondoka Mwanza na mkewe kabla sijaanza shule, wakahamia mji mmoja wa magharibi ya Kanada, penye mafuta ardhini na baridi ya kukata masikio. Hawakujaliwa mtoto. Walipata uraia, wakapata nyumba, na kila Jumapili walitupigia simu, kwetu ikiwa jioni na kwao asubuhi. Baba aliisimamisha simu katikati ya meza, imeegemea bakuli la sukari, nasi tukakaa kuizunguka kama watu wanaosikiliza mpira.

Na kweli ulikuwa mpira. Mwaka wa uchaguzi wale wawili hawakuwa na mazungumzo mengine. Kule mtu hampigii kura waziri mkuu, anampigia mbunge wa jimbo lake, na vyama vyao tulivijua kwa rangi. Mama mdogo alikuwa wa chama chekundu, kwa sababu ndicho kilichokuwa madarakani walipopokelewa. Alisema mgeni mwenye adabu hamsahau aliyemfungulia mlango. Baba mdogo alikuwa wa chama cha chungwa, cha wafanyakazi, kilichotaka mtu maskini atibiwe hata meno. Alikuwa na kawaida ya kukohoa kidogo kabla ya kujibu, halafu anasema, "Mama, aliyekufungulia mlango umeshamshukuru mara tano. Sasa uliza nani ataezeka paa." Chama cha tatu, bluu, hakikuwa na mtu mezani. Mama mdogo aliwataja kwa midomo iliyobanwa, akisema hao wangewaacha uwanja wa ndege.

Baba yangu, ambaye hajawahi kumwambia hata mama anampigia nani, alikuwa akiwatania kwamba kura ni kama nguo ya ndani, kila mtu anayo lakini haianikwi barazani. Walicheka, wakaendelea kuianika.

Mwaka juzi baba mdogo alianguka kazini. Mwili ulifika Mwanza kwa ndege, tukausafirisha kwa gari kwenda kumzika kwenye kibanja cha babu, Kagera. Pale Kigongo tulingoja kivuko muda mrefu, jeneza likiwa nyuma yetu, nguzo za daraja jipya zikiwa zimesimama majini bila kufika popote. Mama mdogo hakulia. Aliniuliza kama samaki wa pale bado wanauzwa wabichi. Nilijibu ndiyo, akasema, "Alikuwa akiwataja."

Kwetu Wahaya, matanga hayaishi mpaka marehemu apate mrithi. Zamani mrithi alirithi mengi, hata mji. Siku hizi anabaki na kiti, jina na maneno. Kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kiume, wazee walimtaja mtoto wa kaka yake, yaani mimi. Mrithi huvikwa vazi la marehemu, na vazi pekee ambalo mama mdogo alikuwa amelibeba lilikuwa koti lake la baridi, zito kama godoro, lenye manyoya kwenye kofia. Nikakalishwa kwenye kigoda katikati ya migomba, jua la saa saba likiwa utosini, nimevaa koti la theluji. Jasho lilinitiririka hadi kwenye soksi. Watu walikuja mmoja mmoja kunisalimia kwa jina lake. Mfukoni vidole vyangu viligusa glavu, moja tu, na nikajikuta nawaza kwamba ya pili ameivaa.

Tangu siku hiyo nyumbani mama ananiita shemeji. "Shemeji, chai iko mezani." Baba ananiita mdogo wangu, na anaweza kusema bila kucheka, "Mdogo wangu, hiyo kazi imepatikana?" Mama mdogo, kabla hajapanda ndege kurudi, aliniita Mzee, kama alivyomwita mumewe. Nilipotaka kumwamkia alinizuia kwa mkono. Mume hamwamkii mkewe.

Kisha kampeni za Kanada zikaanza tena. Jumapili ya kwanza simu ilipiga, mama mdogo akasema wekundu wamepata kiongozi mpya na safari hii hapana mjadala, halafu akanyamaza pale ambapo zamani sauti ingemjibu. Ule ukimya sikuweza kuuvumilia. Nikakohoa kidogo, nikasema, "Mama, sasa uliza nani ataezeka paa."

Nilikusudia kumchekesha. Alicheka kweli, akacheka mpaka nikasikia pumzi yake inakatika. Kisha akasema, "Endelea, Mzee."

Niliendelea Jumapili nne. Wiki nzima nilisoma ilani zao kwenye simu dukani, nikasoma hata matokeo ya nyuma ya jimbo lake, ambako bluu walikuwa wakishinda na chungwa wakiwa wa tatu kwa mbali. Jumapili nilizungumza kama marehemu. Hoja zilinijia bila kuzitafuta, na kikohozi nacho kikaanza kunijia hata siku za kazi, mteja akiniuliza bei ya bahasha. Jioni moja nilimjibu baba kitu kutoka chumbani, cha kawaida tu, kuhusu ufunguo. Alisimama barazani bila kugeuka. Baadaye alinifuata, akasema kwa sauti ya chini, "Usiongee hivyo nikiwa nimekupa mgongo."

Koti lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango wangu. Nililigeuza likatazama ukuta. Haikusaidia.

Jumapili ya nne mama mdogo hakubishana. Alisema nimemshinda. Miaka yote hakuwahi kumkubalia mumewe hata mara moja, na safari hii atawapa chungwa kura yake. Nikashtuka, nikatoka kwenye nafsi ya baba mdogo na kurudi kwenye yangu, nikaanza kumweleza takwimu za jimbo: chungwa hawana nafasi, kila kura inayotoka kwa wekundu ni mteremko kwa bluu. Akanikatiza.

"Najua haitashinda, Mzee. Sitaki ishinde. Nataka ihesabiwe."

Nilielewa mara moja, na hapo ndipo usingizi ulipokwisha. Alitaka kwenye ile hesabu ya jimbo, kwenye safu ya chungwa, pawe na moja ya mumewe, kama ilivyokuwa kila uchaguzi. Mimi nilijua kwamba mara ya mwisho haikuwapo.

Baba mdogo aliniambia mwenyewe. Alikuwa amekuja likizo, mimi nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, tukaenda kukaa kwenye mawe ya ufukweni, tukiwatazama korongo wakigombea matumbo ya samaki. Aliniuliza, "Wewe si ndiye unayesomea siasa?" Kisha akasema kwamba uchaguzi uliopita aliwapa bluu. Ghala la mabomba alilofanyia kazi lilikuwa linapunguza watu, na bluu peke yao walizungumzia mafuta bila kuona haya. Alifika kwenye kile kibanda cha kupigia kura akiwa na nia ya chungwa, na mkono ukaenda kwingine. Nikamuuliza mbona Jumapili bado anawapigania chungwa. Akasema ndicho chama anachokiamini. "Siku ile niliupigia kura woga wangu." Akaniambia na alichokiogopa, kisha akaniomba mama mdogo asijue. Nilikubali kirahisi, kama mtu anavyokubali kushika mzigo wa mwenzake kwa dakika moja.

Kwa hiyo nilihesabu, maana ndiyo tabia yangu. Nikisema, navunja ahadi ya marehemu, na kumnyang'anya mjane ubishi wake wa Jumapili zote zile, kwa sababu ataanza kuzikagua moja moja. Nisiposema, anakiacha chama chake kwa ajili ya kura ambayo marehemu mwenyewe hakuipiga. Na anakiacha kwa maneno yangu. Hilo ndilo lililonitafuna zaidi. Baba mdogo hakuwahi kumshinda. Nimemshinda mimi, nikiwa nimevaa sauti yake, mtoto asiye na uraia, asiyelipa kodi kule, asiyeijua hata hiyo theluji. Nilijiuliza kama mrithi hupewa siri ili azitunze au ili azimalize. Wazee hawakunieleza.

Siku ya tano nilimuuliza baba, kwa kuzunguka, kama mtu akifa ahadi aliyopewa nayo inakufa. Alikuwa anakwaruza kucha zake kwa kijiti. Alinitazama, akasema, "Anayeuliza ni mdogo wangu au ni mwanangu?"

Akarudi kwenye kucha zake.

Ijumaa nilikumbuka kwamba mama mdogo alisema atapiga kura mapema, Jumamosi akitoka kazini. Jumamosi saa kumi nilifunga duka nikashuka kwenye yale mawe. Mvua ilikuwa imeacha muda huohuo, ziwa likiwa na rangi ya chai ya maziwa, korongo wawili wakikausha mabawa. Nilijua kule ni saa moja asubuhi. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, toleo la saba. Nikalikunja nikaliweka mfukoni, nikapiga.

"Mzee," alisema, akishangaa. "Leo si Jumapili."

Kikohozi kikanijia. Nilikisikia kikipanda, nikameza mate, nikakingoja kishuke. Ilichukua muda hata akaniita tena.

"Shikamoo, mama mdogo."

Nyuma yake birika lilikuwa linachemka, nililisikia likianza kupiga mluzi, likapiga weee, kisha likazimwa. Nikafikiri amekata simu. Nikarudia, taratibu zaidi, na sauti ilikuwa yangu, nyembamba kama siku zote.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema mwishowe. "Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza mawe niliyokalia, ghala la mabomba, kibanda cha kura, bluu, na kwamba nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Nilimwambia pia kwamba zile hoja za Jumapili nne zilikuwa zangu, nimezisoma dukani, na asinihesabu mimi kama mumewe. Sikuacha kitu.

Aliniuliza jambo moja tu. "Alisema aliogopa nini?"

"Kukurudisha nyumbani mikono mitupu."

Nilisikia kiti kikivutwa. Tukakaa hivyo, yeye huko na mimi juu ya mawe, na sikusema neno lingine la baba mdogo, wala sikumwambia ampe nani kura yake.