Timu Aliyoiombea Mabaya

Delmo Ghirardini alikuwa akijisifia jambo ambalo wengine wangelionea haya. Kwa miaka kumi na sita alisakata kandanda katika madaraja ya chini, na hakuwahi kuwa na nafasi yake. Alicheza beki wa kulia, beki wa kushoto, beki wa kati, kiungo wa kukaba. Jumapili moja huko pwani alisukumwa hata mbele, kwa sababu washambuliaji wawili walikuwa wamekula kome wabovu na hawakuweza kutoka chooni. Magazeti yalimwita kiraka, naye akalichukua jina hilo kama cheo.

Ukimkuta kwenye baa ya Iole, karata mkononi, alikuwa anakueleza bila kuulizwa kwamba mchezaji mwenye nafasi moja ni nusu mchezaji. Asichokueleza ni kwamba makocha walimkumbuka pale tu mtu wao alipoumia, na yule mtu akipona, Delmo alirudi kukaa. Alipita klabu saba na hakuna hata moja iliyomwomba abaki. Yeye alisema ni wivu.

Miguu ilipochoka akasomea ukocha, akapata cheti, akakitundika jikoni juu ya friji. Baada ya kuzunguka huku na kule akapewa timu ya mji wetu, Castelvado, daraja la tatu. Aliyempa ni Tarcisio Bonfatti, mwenye kiwanda cha masinki ya vyoo na rais wa klabu. Bonfatti humpokea kocha mwezi wa saba kwa machozi na kukumbatiana mbele ya wapiga picha, na kufikia Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba, huwa amekwisha mfukuza. Sisi tumeshazoea. Iole huwauliza makocha wapya kama wanataka kahawa ya kunywea hapo au ya kuondoka nayo.

Sasa Delmo akawa na timu ya kwake, na imani yake akaimwaga yote juu ya vijana wa watu. Beki wa kulia alianza kulia na kumaliza kushoto. Beki wa kushoto alipanda kuwa kiungo, kiungo akashuka, na katikati ya mechi walipishana tena kwa ishara ya Delmo, aliyekuwa amesimama pembeni akizungusha mkono. Nahodha Ruggero Tassoni, beki wa kati, bonge la mtu, mtoto wa muuza jibini, alipelekwa winga. Akikimbia pembeni ungedhani watu wanahamisha kabati.

"Mista," Tassoni alimwambia, kama wachezaji wa kwetu wanavyomwita kocha, siku moja baada ya kufungwa manne, "mimi pale winga nafanya nini?"

"Unajifunza."

"Nina miaka thelathini na mbili."

"Ndiyo maana una mengi ya kujifunza. Mimi nimecheza kila mahali, Ruggero. Umewahi kunisikia nikilalamika?"

"Hapana, mista. Lakini waliokuwa wanakutazama niliwasikia."

Delmo hakucheka. Hakuwa na moyo wa kuchekea jambo hilo. Timu ikaendelea kufungwa, mabeki wakigongana wenyewe kwa wenyewe, na kabla hata Siku ya Wafu haijafika Bonfatti akampigia simu. Alimwambia kwamba anampenda kama ndugu yake wa damu, kisha akamfukuza.

Kwetu kocha akifukuzwa haondoki. Mkataba wake unaendelea, na msimu huo haruhusiwi kufundisha timu nyingine. Kwa hiyo anakaa nyumbani akisubiri, maana rais mwenye hasira za haraka huwa pia na majuto ya haraka, na mara nyingi yule aliyefukuzwa vuli huitwa tena masika, mrithi wake akishaharibu. Kila mtu anajua hivyo. Ndiyo maana hakuna anayeifuatilia timu kwa karibu kama kocha aliyefukuzwa, wala anayeiombea mabaya kwa bidii kama yeye.

Mrithi aliitwa Loris Pagnan, kijana mwenye miwani na kishikwambi, aliyeongea na wachezaji kana kwamba anawasomea taarifa ya hali ya hewa. Delmo alikwenda uwanjani kila Jumapili, akajibanza nyuma ya nyavu, kola ya koti juu, kofia chini, akidhani hatambuliki. Castelvado wakifunga, alijitia kukohoa. Wakifungwa, alirudi nyumbani na hamu ya kula.

"Leo mmepigwa ngapi?" mkewe Nives aliuliza akimwona anaongeza ugali wa njano kwenye sahani.

"Mbili."

"Nilijua. Wakishinda huwa unasema tumbo linakusumbua."

"Namsikitikia Pagnan."

"Unamsikitikia mpaka unaramba sahani. Delmo, huo ni mji wako. Hao ni vijana wako."

"Walikuwa wangu. Nikirudishwa watakuwa wangu tena."

Hilo ndilo alilolitaka, na hakuna jingine. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Akikosa kurudi benchi msimu huo, hakuna klabu ambayo ingemkumbuka tena, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko alivyolikubali. Ilipofika Machi timu ilikuwa ya pili kutoka mkiani. Bonfatti akatangaza pale kwa Iole, mbele ya watu wote, kwamba wakifungwa Jumapili na Montelungo, Pagnan anakwenda kwao na Delmo anarudi. Delmo alikuwa meza ya pembeni, amejitia hamnazo, akichanganya karata ambazo zilikwisha changanywa.

Alhamisi jioni kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Tassoni, kipande cha jibini kwapani, uso umemshuka.

"Shikamoo, mama Nives. Mista, samahani kwa kuja bila taarifa. Nina shida."

"Kaa. Shida gani?"

"Hawa Montelungo wana yule mshambuliaji wao mrefu. Anahamahama, kulia, kushoto, huwezi kumshika. Mwalimu Pagnan ametupa michoro, mista, mishale mitupu. Hakuna aliyeelewa, na tunaogopa kumwambia. Wewe umekaba watu wa aina zote. Tufanyeje?"

Delmo alivuta kiti karibu. Jibu alikuwa nalo, jibu lake la siku zote: akihama, hameni naye, pishaneni, kila mtu azibe pengo la mwenzake. Aliliamini hilo kama alivyoamini ubatizo wake. Na kwa sababu aliliamini, akaona kwamba akilitoa, Tassoni ataokoka, Pagnan ataokoka, na yeye atakufa akiwa anacheza karata kwa Iole. Akashika tama kidogo, akajifanya anawaza.

"Msihame," alisema.

"Vipi?"

"Kila mtu asimame mahali pake. Wa kulia kulia, wa kushoto kushoto, wewe katikati. Yule mrefu akiondoka kwako, mwache aende, atamkuta mwenzako. Pengo likitokea, usilizibe. Usisogee hata hatua."

"Mista, hiki ni kinyume cha yote uliyotufundisha."

"Nimekuwa na muda wa kufikiri."

Nahodha aliposhukuru na kuondoka, Nives aliweka jibini mezani na kumkazia macho mumewe. "Umemdanganya yule."

"Nimempa ushauri."

"Umempa ushauri ambao wewe mwenyewe ungemtemea mate aliyekupa. Na amekuja na jibini."

Jumapili Delmo alivaa suti chini ya koti, ili Bonfatti akimwita baada ya mechi amkute yuko tayari. Akasimama nyuma ya nyavu akingoja kuona vijana wa Castelvado wakichinjwa. Yule mrefu wa Montelungo akahamia kushoto, akamkuta beki wa kushoto. Akahamia kulia, akamkuta wa kulia. Akaja katikati, akamkuta Tassoni amesimama pale pale, hakuyumba, na akamgonga na kuanguka mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti kila mchezaji alijua aangalie wapi. Castelvado walishinda tatu bila. Delmo alikohoa mpaka mtu wa pembeni akampa peremende.

Angebaki salama, mwongo asiyejulikana, kama Tassoni asingekuwa mtu mwaminifu. Lakini Tassoni alisimama mbele ya kamera ya televisheni ya mkoa, jasho likimtiririka, akasema ushindi huu si wa kocha aliyeko, ni wa mista Delmo, aliyempokea nyumbani kwake na kuwafungua macho wote. Usiku huo huo Bonfatti alimfukuza Pagnan kwa kosa la kushinda mabao matatu. Hata kwake yeye jambo hilo lilikuwa jipya.

Delmo alirudishwa benchi kwa machozi na kukumbatiana. Wapiga picha walikuwepo. Alirudi nyumbani akaketi jikoni, hakuvua koti.

"Si umepata ulichotaka?" Nives aliuliza.

"Wanataka nifanye tena kama Jumapili."

"Fanya."

"Siamini hata neno moja la nilichomwambia. Nives, nilimwambia upuuzi."

"Na upuuzi umeshinda. Ulichokiamini wewe kilifungwa vuli nzima. Ukiingia pale Jumapili na imani yako, jioni utakuwa kwa Iole."

Nives alikuwa amemwambia ukweli, na ukweli huo ulimchoma, maana haukuishia kwenye msimu huu. Kama timu hupona watu wakikaa mahali pao, basi zile klabu saba hazikuwa na wivu. Zilikuwa na akili. Delmo hakulala vizuri, lakini asubuhi alikwenda mazoezini akawaambia vijana wake msihame.

Wiki zilizofuata aliongea kama mtu anayesoma maandishi ya adui yake. Msizibe pengo. Kila mtu na mahali pake. Wakashinda, wakatoka sare, wakashinda. Mji ukaanza kumwinamia barabarani. Muuza mikate alimwambia kwamba hekima kama ile huja na umri, na Delmo akaitikia kwa kichwa. Uongo ukishalipiwa heshima, hata mwenyewe huanza kuupangusa vumbi.

Mechi ya mwisho walihitaji sare tu ili wasishuke daraja. Zikiwa zimebaki dakika chache, bila bila, mabadiliko yote yamekwisha, beki wa kushoto akavunjika kifundo cha mguu na kutolewa kwa machela. Upande wa kushoto ukabaki wazi, shimo la kupitisha trekta. Tassoni akageuka kumtazama mista. Wote wakageuka. Delmo alisikia miguu yake ikitaka kwenda yenyewe. Maisha yake yote, pengo kama lile lilikuwa likimwita kwa jina. Alijua, kwa hakika ambayo hakuwahi kuwa nayo juu ya jambo jingine, kwamba lazima mtu aende pale. Akaitazama suti yake, akamtazama Bonfatti jukwaani.

"Baki hapo hapo," alimpigia kelele Tassoni.

Wageni walipita shimo lile mara tatu. Mara moja walipaisha, mara moja mlinda mlango aliokoa kwa goti, na mara moja mpira uligonga mwamba na kurudi. Kisha filimbi ikalia. Hakuna aliyesema kuwa ilikuwa bahati. Walisema ilikuwa mbinu.

Jioni uwanja wa kanisa ulijaa. Kulikuwa na divai nyekundu yenye povu, nyama choma na bendi ya manispaa, ambayo hupiga vibaya hata kwenye mazishi. Bonfatti alitangaza kwamba mista Delmo anabaki msimu ujao, na ule unaofuata. Msichana wa televisheni, mgeni kutoka mji mkubwa, akamsogezea Delmo kipaza sauti.

"Mista, wanasema wewe ni kocha wa nidhamu ya nafasi. Wewe mwenyewe ulipokuwa mchezaji, nafasi yako ilikuwa ipi?"

Bendi ilikuwa imenyamaza kupumzika, kwa hiyo kila mtu alisikia. Iole alisikia, muuza mikate alisikia, Tassoni alisikia na glasi mkononi. Wote walilijua jibu, walikwisha lisikia mpaka likawachosha. Bonfatti alikuwa anatabasamu bega kwa bega naye.

"Beki wa kulia," Delmo alisema. "Kulia tu. Sikuwahi kutoka pale."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alipiga makofi, wengine wakafuata, na bendi ikaanza tena.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye na Nives. Mlangoni alikuwa bado anatafuta ufunguo mfukoni Nives aliposema:

"Siku ya kwanza nilipokuona, mlinda mlango wenu alikuwa amevunjwa pua. Ukavua jezi yako, ukavaa ya kwake na damu yake, ukaenda kusimama golini, na hukujua hata kudaka. Nikamwambia dada yangu, nataka yule."

Delmo aliupata ufunguo, akauingiza kwenye tundu.

"Yule niliyemtaka, naye umemfukuza?" Nives aliuliza.